Mito Saba Imejaa

Wewe unayejisifu kwa wepesi wa kichwa, hebu jikune na hiki: kila alfajiri huwapeleka watu mia tano miji ya mbali, jioni akawarudisha, na yeye mwenyewe hajainua kisigino pale alipo. Ni nani huyo? Usikimbilie kunipa mji, fikiri kwanza. Kibao cha njia panda? Si haba, umekaribia. Ila kibao hakivai miwani, hakichomeki kalamu ya risasi nyuma ya sikio, wala hakikoromi. Huyu wangu anafanya yote matatu, na mke anaye.

Watu walimwita Mzee Ratiba. Miaka thelathini na mmoja alikaa katika ofisi ya kituo cha mabasi, chumba chenye dirisha moja lililotazama ukuta, akipanga safari za kampuni. Basi hili litoke saa kumi na mbili kamili, lile lilifuate robo saa baadaye; hapa lisimame dakika kumi watu wanywe chai, pale dakika saba za choo. Hizo dakika saba alizipigania. Meneja alitaka tano, Mzee akamwambia, "Bwana, wewe huna mama?" Zikabaki saba. Miji yote aliijua kwa majina na kwa saa. Kwa macho hakuwa ameuona hata mmoja.

Mkewe alikuwa fundi wa mapazia, na kila mtu alimwita Fundi. Kabla duka lake halijafungwa, alishona asubuhi, na mchana akapakia mapazia na fito zake kwenye pikapu ya duka, akashika usukani mwenyewe na kuzunguka mji mzima akiyapeleka na kuyatundika. Alifanya hivyo miaka tisa, hakugusa hata kuku. Leseni yake ilikuwa hai mpaka leo. Lakini saa hizo Mzee alikuwa ofisini na mabasi yake, kwa hiyo jambo hilo alilijua kama mtu anavyojua kwamba jirani yake ana figo. Limo, ila halioni.

Basi, Mzee akastaafu. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kampuni, na kampuni ilitaka ufunguo wake Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi. Hawakuwa na hofu ya kulala nje. Marehemu shangazi yake Fundi alikuwa amemwachia nyumba upande wa pili kabisa wa nchi. Fundi alifika huko mara moja tu, akiwa na miaka tisa. Alikumbuka ngazi tatu, veranda pana, na madirisha makubwa yasiyo na pazia hata moja. Tangu utoto madirisha yale yalimkaa rohoni kama watoto walioachwa uchi.

Tena kulikuwa na ahadi. Siku ya harusi yao Mzee, alipokuwa bado kijana mwenye nywele, alisema mbele ya watu, "Nikistaafu nitamzungusha mke wangu nchi nzima." Watu wakapiga vigelegele na kusahau. Fundi hakusahau. Aliikunja ahadi ile akaiweka, kama kitambaa kizuri kinachongoja mshono wake.

Ndiyo sababu Mzee aliposema, "Mama watoto, mizigo itakwenda na lori, sisi tutakwenda na gari letu wenyewe, siku nne, tukitazama nchi," Fundi aligeukia cherehani yake haraka ili asionekane meno yote thelathini na mawili.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kijivu, Mzee alilinunua kwa mfanyakazi mwenzake aliyelileta mpaka uani, akaliacha, akarudi kwa miguu. Tangu siku hiyo lilikaa pale limeoshwa, safi kama sahani ya mgeni. Fundi ndiye aliyelipasha moto kila wiki betri isife, akalirudisha nyuma hadi ukutani na kulisogeza mbele ili afagie mahali lilipokuwa. Mzee husimama pembeni akipunga mikono, "Njoo, njoo, njoo, hapo hapo!" kisha huingia ndani ametoka jasho kama aliyeendesha yeye.

Kupanga sasa! Ukutani sebuleni alibandika ramani ya nchi, kubwa kama shuka. Barabara akaipitisha kwa uzi mwekundu wa Fundi, na kila mji wa kusimama akauchoma kwa pini ya Fundi. Siku moja Fundi alihitaji kupinda pindo la mteja, akachomoa pini tatu. Jioni Mzee akakuta mji mkubwa wa katikati umefutika na barabara inaning'inia.

"Nani amevunja barabara?"

"Zimeondoka pini tatu tu, Baba watoto."

"Pini tatu! Hapo ndipo tulipokuwa tunakula mchana!"

Daftari lilikuwa moja, kubwa, la jalada jeusi. Kutoka mbele Mzee aliandika safari, kutoka nyuma Fundi aliandika vyombo. Na huko mbele hakuna kilichoachwa. *Kuondoka: saa kumi na mbili na robo. Mafuta na choo: dakika saba. Kutazama maporomoko ya maji: dakika ishirini na tano. Kushangaa: dakika tano.* Ndiyo, kushangaa nako kulipewa muda wake. Mito ya kuvuka: saba, kila mmoja na daraja lake na saa yake. Abiria: mke.

Dereva hakuwemo. Si kwamba aliachiwa nafasi. Hata neno lenyewe halikuwemo. Nawe usimcheke, kazi humfinyanga mtu. Miaka yote ile Mzee hakuwahi kuandika jina la dereva. Ratiba ilitoka mezani kwake ikavuka ukumbi kwenda ofisi nyingine, na huko ndiko madereva walikochomekwa. Yeye alijua kwamba ukishaandika saa, basi litaondoka. Nani ameliondoa, hayo ni mambo ya ng'ambo ya ukumbi.

Alikuja kushtuka wiki sita kabla ya kuhama. Akajiandikisha shule ya udereva kimyakimya, akamwambia mkewe anakwenda kunyoosha miguu. Miguu haikunyooka. Alifanya mtihani mara tatu, akaanguka mara tatu.

Aliyajuaje Fundi? Mji una masikio, lakini hapa hata masikio hayakuhitajika. Mwalimu wa udereva mwenyewe alikuja kuchukua pazia la ofisi yake, akakaa, akashusha pumzi.

"Mama, mzee wako alama za barabarani anazijua kunishinda mimi ninayezifundisha. Tabu ni akishika usukani. Kwanza anataka kujua tutafika saa ngapi. Jana aliingia kwenye mzunguko, akasimama katikati, akawapisha watu wote waliotaka kupita. Dakika kumi na moja! Mimi sikuangalia saa, ni yeye aliyeniambia."

Fundi alimfungia pazia lake, asicheke wala asilie. Jioni Mzee alirudi amenyoosha miguu.

"Habari za matembezi?"

"Njema tu," akasema, akaenda kuongeza kituo kimoja kwenye ramani.

Sasa unaliona fundo lilipo. Fundi alitaka safari ile kwa moyo wote, na angeweza kusema, "Nipe ufunguo nikupeleke." Lakini mwanamke aliyeandikwa *abiria* kwa herufi nzuri, na mume aliyeyaona mapazia yake yakifika kila nyumba bila kujiuliza yanafikaje, hatajichomeka mwenyewe. Alitaka aombwe. Walau mara moja aulizwe. Na Mzee naye, angemwombaje bila kukiri kwamba matembezi hayakuwa matembezi? Wakakaa hivyo, kila mmoja anaujua ukweli na anampikia mwenzake chai.

Jumanne ya wiki ile ya mwisho, Fundi alikuwa chumbani anajaza mito upya. Ilikuwa imelaliwa miaka mingi mpaka imekuwa kama chapati, naye hakutaka kuingia katika nyumba ya shangazi na mito ya aibu. Redio iliimba pembeni, sufi imemganda nyusi zote. Sebuleni Mzee alikuwa kwenye simu na Kobe, dereva wa lori la kuhamisha watu. Jina lile Kobe alilipata kwa sababu mbili: hana haraka, na siku zote amebeba nyumba mgongoni. Alikuwa aje kupakia Alhamisi.

"Hali ya njia je, Mzee?" Kobe aliuliza. "Wewe ndiye mwenye habari za njia."

Mzee akafungua daftari kutoka mbele, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikiufuata mstari. "Njia... njia nzuri. Halafu kuna mito. Mito... mito..."

Siku hizo Mzee alikuwa na mtindo wa kudai taarifa ya kila chombo. Kila saa husikii ila "Vikombe je?" "Mashuka je?" Kwa hiyo Fundi aliposikia "mito, mito" alijua ameulizwa, akajibu kwa sauti ya kuishinda redio:

"Mito yote saba imejaa! Imejaa mpaka basi! Wa tano umeachia pembeni, unamwaga kila mahali!"

Mzee alikaa wima. Mkewe ndiye aliyekuwa na redio. Mwenye redio ndiye mwenye habari.

"Kobe," akasema kwa sauti ya ofisini, "umesikia? Yote saba. Wa tano umeachia pembeni."

"Kiangazi hiki?"

"Maji hayaulizi mwezi."

"Basi Mzee, nikingoja Alhamisi nitakwama. Nakuja sasa hivi kupakia, nivuke kabla hayajapanda zaidi."

Na Kobe, ambaye tangu azaliwe hakuonekana akikimbia, siku hiyo alikimbia. Haikupita saa moja lori likawa mlangoni na wapakizi wawili wameshavua mashati. Kitanda kikatoka, kabati likatoka, cherehani ikatoka imekumbatiwa kama bibi harusi. Fundi alikuwa anakimbia huku na huku na sufi kichwani.

"Kobe mwanangu, si tulisema Alhamisi? Moto uko wapi?"

"Si moto, Mama, ni mito."

"Mito si nimeshamaliza kuijaza?"

"Ndiyo hivyo, imeshajaa. Ndiyo maana tunaharakisha."

Fundi aliona huyu ni mtu anayeipenda kazi yake. Akamkabidhi mito saba katika gunia safi, akamwambia asiiweke chini ya meza, na Kobe akaahidi kwa heshima zote.

Lori lilipoondoka, nyumba ikabaki na godoro moja, birika, viti viwili vya plastiki na ramani ukutani. Sauti zao zilirudi kutoka kwenye kona kama za watu wengine. Mzee akakaa mbele ya ramani, kalamu mkononi. Fundi akamwona uso wake, akashangaa. Ulikuwa umefunguka. Tangu ule mzunguko wa dakika kumi na moja hakuwa ameuona uso ule.

"Mama watoto," akasema kwa huzuni iliyokunywa chai na sukari, "safari imeingia dosari. Mito imejaa. Yote saba. Wa tano umeachia pembeni, unamwaga kila mahali."

Fundi alikuwa ananyanyua birika. Akaliweka chini polepole. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemrudia, yamevaa suti.

Kuna jamaa wawili wa jina moja: mmoja hulali bila yeye, mwingine ukilala kwake huamki. Siwezi kukusumbua, umeshawajua. Mto na mto. Fundi naye aliwajua hapo hapo, akafungua mdomo aseme. Lakini Mzee alikwisha chukua kalamu.

"Hatuwezi kwenda sasa. Tutakaa kwa binti yetu mpaka maji yashuke. Mwezi, miezi miwili. Nitaandaa ratiba nyingine, ya kuizunguka mito yote kwa juu. Siku tisa!" Akasema *siku tisa* kama mtu anayesema *pilau*.

Fundi akaufunga mdomo. Alielewa jambo moja wazi: mito ikikauka, mume wake atabaki amesimama mbele ya gari na ufunguo mkononi. Alimhurumia. Tena alikasirika, maana ndani ya siku tisa zile hakuna hata moja ambayo wangeondoka.

Simu ikalia. Ni meneja mpya wa kituo cha mabasi, kijana aliyemheshimu Mzee kupita baba yake.

"Shikamoo Mzee. Tumesikia mito ya njia kuu imejaa. Ni kweli?"

"Marahaba. Na mimi nimesikia hivyo hivyo."

"Basi kama na wewe umesikia, basi la alfajiri tunalizuia kwanza."

Mzee akaweka simu chini, akamgeukia mkewe kwa ushindi. "Umeona? Hata kituoni wanajua!"

Walijua, kwa nini wasijue? Kobe alipita pale kujaza mafuta.

Kesho yake watu sitini walikaa juu ya mabegi yao kituoni mpaka saa tano wakiyasubiri maji yapungue kwenye foronya za Fundi. Alipopata habari hiyo kwa muuza mboga, uso ulimwaka. Safari ya kwake kukwama, hayo ni ya nyumbani. Lakini watu sitini!

Ijumaa akaja binti yao, mkunga wa hospitali ya wilaya, mtu wa mikono laini na ulimi wa wembe. Alikuja kuwachukua. Fundi akamvuta jikoni, mahali ambapo jikoni palikuwa, akamnong'oneza yote: mito, redio, watu sitini, na mitihani mitatu. Mkunga alijiziba mdomo kwa kanga ya mama yake, akateleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, machozi yakimtoka.

"Mama, umefurisha nchi nzima kwa sufi!"

"Cheka polepole, baba yako atasikia."

"Mwambie basi."

"Nimwambie nini? Nikisema mito ni mikavu, atapata kizuizi kingine. Atasema milima imekua."

"Kwa hiyo utakaa kwangu miezi miwili unatazama televisheni?"

Fundi aligeuza uso. Alikuwa anatazama mahali cherehani ilipokaa miaka yote. Miguu yake minne ilikuwa imeacha mashimo manne kwenye sakafu.

Mchana walikula kwa kupokezana viti, na mkunga, ambaye kazi yake ni kutoa vilivyojificha, akaanza.

"Baba, mito ikishuka mtaondoka?"

"Siku hiyo hiyo. Saa kumi na mbili na robo."

"Na nani ataendesha?"

Mzee akatafuna. Alitafuna tonge ambalo lilikuwa limeshakwenda zamani.

"Mafuta tutaweka kituo cha kwanza," akasema, "foleni huwa fupi."

"Sikuuliza mafuta, Baba. Nimeuliza nani ataendesha."

"Hujaona mahali nilipopachagua pa kunywea chai. Njoo uone." Akainuka, akaenda kwenye ramani, akasimama akiwapa kisogo. Kalamu ilikuwa nyuma ya sikio, naye akaitafuta mifukoni kwa muda mrefu.

"Mficha uchi hazai," mkunga akasema kwa sauti ya kazini. "Nawaambia wanawake kila siku."

"Mwache baba yako," Fundi akasema. Lakini alisema baada ya kungoja kidogo, aone kama jibu litatoka.

Jumamosi ikafika. Saa tatu asubuhi begi lilikuwa mlangoni, godoro limefungwa kamba, na Mzee anabandua ramani ukutani kwa uangalifu, pini moja moja, akimrudishia mkewe kila pini kiganjani. Simu yake ikalia. Simu ile daima ilikuwa na sauti ya juu, hata majirani walizijua habari zake.

"Shikamoo Mzee! Kobe hapa. Nimefika, nimeteremsha kila kitu."

"Umefika? Umepita wapi?"

"Njia ile ile, Mzee."

"Na mito?"

"Mito nimeiweka chumba cha ndani, juu ya kitanda. Yote saba, haikulowa hata mmoja."

"Kobe, nisikilize. Nakuuliza mito."

"Ndiyo, Mzee, mito. Kwenye gunia. Mama aliniambia nisiiweke chini ya meza, sikuiweka."

"Mito ya njiani, Kobe! Ya maji!"

"Aa, hiyo!" Kobe alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Hiyo mikavu kama koo langu. Ule wa tano nimekuta watu wanacheza mpira ndani. Nilisimama nikaangalia kipindi cha pili. Sijui nani alitutisha vile!"

Mzee alikata simu bila kuaga, jambo ambalo si desturi yake. Akabaki na pini mbili mkononi. Ungeweza kuyaona maneno yakirudi nyuma kichwani mwake, moja baada ya jingine, kama basi linalorudi kinyumenyume uani: redio, gunia, sufi kwenye nyusi za mkewe.

"Wa tano," akasema hatimaye, "ndio ulioachia pembeni."

"Ndio," akasema Fundi. "Nimeushona."

Mkunga akatoka nje mbio. Wakamsikia akikohoa uani, ila hakuwa na kikohozi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Jumanne! Na umeniacha niseme na meneja! Umeniacha nichore siku tisa!" Sauti ilimpanda. "Mke gani wewe unayeniangalia ninapotea, umekaa tu?"

"Wewe ulikuwa unanyoosha miguu," Fundi akasema, "na mimi nilikaa tu. Ulisimama dakika kumi na moja katikati ya mzunguko, nikakaa tu. Umerudi mara tatu, nimekuuliza mara tatu habari za matembezi. Umesemaje?"

Mzee akakaa. Kiti cha plastiki kikalia.

"Mwalimu yule ana mdomo," akasema.

"Ana pazia. Alikuja kulichukua."

Kwenye ukuta mtupu ramani ilikuwa imeacha mraba mweupe mkubwa, nchi nzima bila mji hata mmoja.

"Nilidhani nikishika usukani tu nitajua," Mzee akasema taratibu. "Njia yote ninayo kichwani. Kila kona. Nikakaa pale, nikaona magari yanakuja kutoka kila upande, hakuna hata moja lililoandikwa saa ngapi."

Fundi hakucheka. Alitamani, lakini hakucheka. Akazichukua pini mbili kutoka mkononi mwake, akazichoma kwenye ukosi wa gauni.

"Sikia, Baba watoto. Mimi leo naondoka. Cherehani yangu iko kule, madirisha yangu yako kule. Sikai miezi miwili kwa binti yangu nikingoja mto ambao nimeulalia mwenyewe. Kama ni basi, basi. Utanisindikiza kituoni, utabaki na ramani yako."

"Basi? Mke wangu apande basi?" Mzee alishtuka kweli. "Ratiba ile naijua! Nimeitunga mimi! Zile saa za kufika ni maombi tu!"

"Nitakwenda na maombi."

Akaliinua begi. Hakulipandisha begani kwa hasira, alilipandisha kama mtu anayekwenda. Hilo ndilo lililomtisha Mzee. Hasira angeipangia muda wake ikapita. Hii ilikuwa safari iliyokwisha anza, na yeye hayumo ndani yake.

Mlango ukagongwa. Saa nne kamili. Ni afisa wa nyumba za kampuni, mtu mwembamba na ubao wake wa kuandikia, na mkunga nyuma yake akijifuta macho. Afisa aliamkia, akapita chumba kwa chumba akigonga kuta kwa kidole. Bomba, sawa. Madirisha, sawa. Mashimo manne sakafuni, akayatazama sana, akaandika *kawaida*. Akapokea ufunguo wa mlango wa mbele na wa nyuma. Kisha akasimama kizingitini, akatazama uani.

"Na lile gari, Mzee, ni lenu?"

"Letu."

"Linatakiwa kutoka sasa hivi, nifunge geti. Fomu inataka niandike limetolewa na nani." Akabonyeza kalamu yake. "Nani ataendesha?"

Mkunga aliacha kujifuta macho. Fundi alisimama na begi begani, akautazama mlango wa geti, hakumtazama mume wake hata kidogo. Kama jibu lingekuwa jingine, miguu yake ilikuwa imeshaelekea kituoni.

Mzee Ratiba akaweka mkono nyuma ya sikio, akatoa kalamu. Akalifungua daftari jeusi kutoka mbele, ukurasa wa kwanza kabisa, akatafuta pale palipoandikwa *abiria*. Akakata neno. Akaandika jingine juu yake, taratibu, herufi kwa herufi, na alipomaliza akaandika neno la pili chini yake. Afisa akakohoa, alikuwa na nyumba nyingine saa nne na nusu.

Mzee akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akavuka sebule ile tupu, akaushika kwa mikono miwili mbele ya mkewe.

"Mama watoto," akasema, "nakuomba." Kisha akamgeukia afisa, na binti yao, na wapita njia wote wenye masikio, akajibu kwa sauti ile ya ofisini:

"Dereva ni mke wangu. Mimi niandike kondakta."